Kaimu wa Mwisho

Hili nikikuhadithia utasema naongeza chumvi, na nakuapia sijaongeza hata punje. Kuna mwanamke aliandika barua ya kuomba uhamisho kwenye kompyuta, akaituma kwa wakubwa wake, barua ikazunguka huko ilikozunguka, kisha ikamrudia yeye mwenyewe ikimuuliza kama anakubali ahamishwe. Soma hapo tena. Ombi lake, mezani kwake, aamue yeye.

Wenzake walimwita Waya. Alikuwa mwembamba kweli, halafu hukumkuta hata siku moja bila kipande cha waya shingoni au mfukoni. Alikuwa mkuu wa chumba cha kompyuta kwenye shirika moja la maji, na ukisikia mkuu usidhani alikuwa na watu chini yake. Alikuwa yeye na mashine, basi. Enzi hizo kompyuta haikuwa kitu cha kuweka mapajani. Lilikuwa dude, kama makabati ya nguo yaliyopangwa ukutani, linanguruma kutwa, na ndilo pekee lililokuwa na kiyoyozi humo ndani huku wakubwa wakijipepea na mafaili. Kutoka pale nyaya zilikimbia hadi kwenye skrini chache zilizotawanywa maofisini, zenye maandishi ya kijani. Dude likizima, wote mmezimika.

Sasa Waya alikuwa na mume na binti, na wote wawili walikuwa mji mwingine kabisa, kwenye tawi la shirika hilo hilo. Mume alikuwa fundi wa pampu huko. Waya alipoletwa makao makuu aliambiwa ni kwa muda tu. Muda gani? Hakuna aliyesema. Binti akawa analelewa na bibi yake. Siku moja Waya kapiga simu nyumbani, kapokea mtoto, na mtoto akamuuliza kwa adabu zote: "Samahani, wewe ndiye yule mama wa kwenye simu?"

Waya aliweka mkono wa simu chini taratibu, akaenda kusimama nyuma ya makabati, pale panaponguruma zaidi, akalia mpaka akatosheka. Akanawa uso. Akaingia kwa Mkurugenzi bila kugonga.

"Mzee, naomba uhamisho."

Mkurugenzi alikuwa mtu mnene, mpole, mpenda kalamu za wino. Hakukataa. Tatizo lake ndilo hilo, hakuwahi kukataa kitu maishani. Alivuta droo akatoa gurudumu la utepe ndani ya mkebe wa plastiki, akalisukuma mbele ya Waya kama anamkaribisha chai.

"Hii ni programu ya barua za kompyuta. Wataalamu wametuletea. Unaandika hapa, mwenzako anasoma kule tawini. Hakuna bahasha, hakuna tarishi. Kule si wana mashine kama yetu? Ndogo kidogo?"

"Wanayo."

"Basi ifanye ikubali kwenye mashine zetu. Ikikubali, ombi lako andika humo humo ndani, liwe mfano kwa wengine. Mimi nitalipitisha."

"Kweli, mzee?"

"Mimi tena, binti yangu?"

Hapo ndipo mateso yalipoanza.

Programu ile ilikuwa imeandikwa na watu wa mbali kwa ajili ya mashine ya aina nyingine kabisa. Ni kama umeletewa suruali ya mtu usiyemjua, ukaambiwa uishone upya meza iweze kuivaa. Yenyewe ilitaka herufi kubwa na ndogo. Mashine ya Waya ilijua kubwa peke yake, kwa hiyo kila barua ilionekana mtu anakufokea. Yenyewe ilitaka kujua saa. Mashine ya Waya ilisahau tarehe kila umeme ulipokatika, na umeme nao ulikuwa na tabia zake. Barua za majaribio zikawa zinafika kabla hazijaandikwa. Waya anatengeneza mstari huu, unaharibika mstari ule. Printa inatema orodha ya makosa mpaka karatasi inaburuza sakafuni na kutoka mlangoni, watu wanairuka kama dimbwi. "Vipi, Waya, unatuandikia historia ya ukoo wenu?" Na wewe unayetukana mtandao ujumbe ukikawia kidogo tu, tulia hapo.

Kuongea na tawi ndiyo ilikuwa balaa jingine. Mashine mbili ziliongea kwa laini ya simu, zinapigiana miluzi, na laini ilipitia kwa opereta, mama mmoja mwenye roho nzuri kupita kiasi. Miluzi ikianza tu, naye huyo kaingia katikati.

"Haloo? Haloo? Nani anapiga miluzi?"

"Mama, toka kwenye laini! Ni kompyuta!"

"Nani?"

"Kompyuta!"

"Mwambie aongee polepole, mwanangu, simsikii vizuri. Mmemaliza? Niwakatie?"

Anawakatia. Barua inafia njiani.

Waya alimbembeleza mama yule mpaka wakawa kama ndugu, na hatimaye, asubuhi moja, laini ikatulia, miluzi ikaenda hadi mwisho, na barua ya kwanza kabisa kutoka tawini ikaingia. Ilitoka kwa mumewe. Hakuwa na la maana la kusema, aliandika tu: JINO LA MTOTO LIMENG'OKA. ANALITUNZA UJE ULIONE.

Ila sasa. Mashine ya shirika haikujua watu, ilijua idara. Uliingia kama UTAWALA au UFUNDI, hakuna kuingia kama mama fulani. Kwa hiyo barua ya jino ikaenda moja kwa moja UTAWALA, printa ya utawala ikaichapa, na printa ile ilikaa ubavuni kwa Katibu Muhtasi.

Huyu walimwita Mama Mhuri. Kwake yeye barua ni barua. Aliigonga mhuri wa IMEPOKELEWA, akaipa namba, akaitia kwenye faili, akaipeleka kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi, akiwa anaongea na wageni, akaandika pembeni kwa wino wake mzuri: "Naibu, tafadhali shughulikia." Naibu Mkurugenzi, mtu aliyekunja uso tangu ujana wake, akaandika chini yake: "Ufundi, toeni maelezo. Jino la mtambo upi?" Na ufundi, usicheke, walituma mtu kwenye stoo kukagua gia.

Waya aliambiwa habari hizi na mfagizi. Alipofika kwa Mkurugenzi alikuwa na hasira, lakini aliyekasirika zaidi alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, kwa upole wake.

"Unaona sasa? Barua haiwezi kujitembelea tu ofisini kama mbuzi aliyekata kamba. Hapa barua ina njia yake. Mdogo anaandika kupitia kwa mkubwa wake, mkubwa kupitia kwa mkubwa wake. Itie hiyo kwenye programu."

"Mzee, raha yote ya kitu hiki ni kwamba barua inafika papo hapo."

"Itafika papo hapo. Kwangu."

Ukitaka kuona mtu anavyozeeka, mwambie achukue programu iliyoundwa ili barua ziruke, aifundishe kupiga foleni. Waya aliifundisha. Kwanza akaipa mashine majina ya watu, mmoja mmoja, kazi ambayo hakuna aliyemshukuru. Kisha akaweka "kupitia kwa". Ukiandika, barua inalala kwa mkubwa wako hadi aiguse: NDIYO, iendelee, HAPANA, irudi. Ikafanya kazi vizuri kabisa, kisha wakubwa wakasafiri. Tawini bomba kuu likapasuka, wakaandika barua, barua ikalala kwa Naibu ambaye alikuwa kwenye semina, na maji yakaingia sokoni yakabeba viatu vya watu.

"Mashine yako imekosea," Naibu alimwambia aliporudi.

"Haijakosea. Ilikuwa inakusubiri wewe."

"Mimi sikuwepo."

"Ndiyo maana ilisubiri!"

"Basi imekosea."

Mkurugenzi akaja na dawa. "Ofisi haikai bila kaimu. Mtu akitoka, anaacha wa kukaimu. Itie hiyo pia." Waya akarudi chumbani, akang'ang'ana, akaitia. Ukitoka unaandika SIPO na jina la kaimu wako, na barua zako zote zinamwendea yeye. Safi. Siku ya kuianza, Mkurugenzi alitoka kwenda kwenye kikao akamwachia Naibu. Naibu naye akatoka kwenda kwa daktari wa macho, na kwa heshima, maana angemwachia nani, akamwachia Mkurugenzi. Barua moja tu, ya mtu anayeomba likizo, ikaanza kutembea. Kwa Mkurugenzi, hayupo, kwa Naibu, hayupo, kwa Mkurugenzi, hayupo, kwa Naibu. Kila ikipita inaacha nakala. Kabla ya mchana dude lilikuwa limejaa hadi kooni, likazima, na ofisi nzima ikaja mlangoni kwa Waya.

"Dada, mashine yako imekosea tena."

Alitamani kuwapiga kwa kibodi.

"Mzee," alimwambia Mkurugenzi, amechoka hata kusimama, "hii njia yenu lazima iwe na mwisho. Wakiwa wametoka wote, barua ikae kwa nani?"

Mkurugenzi alifikiri, akizungusha kifuniko cha kalamu. Kisha uso ukamnawiri. "Ikae kwa mtu ambaye hatoki kamwe. Iwe kwako. Wewe hutoki."

Wewe hutoki. Alilisema kama sifa. Waya alimtazama, akatazama ukuta, akaenda kuandika alichoagizwa: wote wakiwa hawapo, kaimu wa mwisho ni mwendeshaji wa kompyuta.

Na baada ya hapo, amini usiamini, kitu kikatulia. Barua zikaenda na kurudi. Mama opereta akawa anajua miluzi, hata anawaambia watu, "Subirini, kompyuta anaongea." Wataalamu walioleta utepe wakaja kuangalia, wakapiga picha na Mkurugenzi. Waya hakuwemo kwenye picha, alikuwa nyuma anashikilia plagi iliyokuwa inalegea.

Wageni walipoondoka tu, akakaa akaandika ombi lake. Mistari michache. Kutoka kwake, kupitia kwa Naibu, kwenda kwa Mkurugenzi. Anaomba kuhamia tawini, kwenye familia yake. Mashine ya kule nayo inahitaji mtu. Akabonyeza.

Naibu hakugusa. Wiki ikapita, ombi limelala pale pale. Waya, ambaye aliweza kuona foleni zote, alikuwa anaiona barua yake kila asubuhi kama mtu anayepita dirishani kwa mpenzi aliyemnunia. Akamfuata.

"Bosi, kuna barua yangu kwako."

"Nimeiona."

"Sasa?"

"Sasa ukiondoka, hili dude nani atalituliza? Mimi? Mama Mhuri?" Naibu akavua miwani. "Umelitengeneza vizuri mno, dada yangu. Ungelitengeneza vibaya ningekuwa nimeshakufukuza."

Angalia hiyo. Mtu kafanya kazi ili aondoke, na kazi yenyewe ndiyo imemfunga. Alimlalamikia Mkurugenzi, Mkurugenzi akamwambia kwa huruma zote kwamba barua bado haijamfikia, na yeye hawezi kuisoma kabla haijamfikia, si ndiyo njia yenyewe? Na si Waya mwenyewe kaiweka?

Kisha siku moja Mkurugenzi na Naibu wakaondoka pamoja kwenda kuzindua kisima mahali fulani ambako hakuna simu wala nini. Mkurugenzi, kama kawaida, alimwachia Naibu. Naibu safari hii aliogopa kuleta mzunguko tena, akamwachia Mama Mhuri. Na Mama Mhuri... jamani. Mama Mhuri alikuwa ameichukia skrini tangu ilipowekwa. Alikuwa ameifunika kitambaa na kuweka juu yake sanamu ya paka. Na siku ile ile ya kwanza alipofundishwa neno SIPO, aliliandika mara moja, bila jina la kaimu, ili lisimsumbue, na hakulitoa tena. Alikuwa amekaa pale kila siku, anagonga mihuri kwa nguvu zote, huku kwa mashine mtu huyu hayupo duniani.

Waya alikuwa anapangusa vumbi skrini yake ilipolia.

BARUA 1. UNAKAIMU: NAIBU MKURUGENZI. KUTOKA KWAKO. OMBI LA UHAMISHO. NDIYO/HAPANA?

Alicheka. Kweli, kwanza alicheka, peke yake, mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikakauka. Akaangalia mlangoni. Akakaa. Angeweza kuiacha pale wakubwa warudi. Hiyo ndiyo ingekuwa adabu. Angebonyeza HAPANA ingerudi kwake, angeituma upya, ingelala upya kwa Naibu, na mtoto angeendelea kumwita mama wa kwenye simu. Akakumbuka kila aliyewahi kumwambia mashine yako imekosea. Akakumbuka "wewe hutoki".

NDIYO.

Skrini ikafikiri kidogo, ikalia tena.

BARUA 1. UNAKAIMU: MKURUGENZI. KUTOKA KWAKO. OMBI LA UHAMISHO. NDIYO/HAPANA?

"Na wewe nawe," Waya aliiambia, "hutosheki."

NDIYO.

Barua ikaondoka kwa miluzi kwenda tawini. Kabla ya chakula cha mchana meneja wa tawi alikuwa ameshajibu: AMEKUBALIWA, ARIPOTI MWANZO WA MWEZI. Mumewe akapiga simu anapiga kelele hadi mama opereta akaingia kati kuuliza kama kuna msiba. Alipoambiwa, naye akapiga vigelegele kwenye laini.

Wakubwa walirudi. Mkurugenzi alimwita. Naibu alikuwa ameshakaa, miwani mkononi.

"Nani aliidhinisha hii?" Mkurugenzi aliuliza.

"Kaimu wako."

"Kaimu wangu ni Naibu."

"Alikuwa na wewe kisimani. Kaimu wake ni Mama Mhuri, na Mama Mhuri hayupo."

"Hayupo vipi? Nimemsalimia sasa hivi hapo nje!"

"Kwenye mashine hayupo, mzee. Hajawahi kuwepo."

Naibu akasogeza kiti. Kwa mara ya kwanza alimsemesha kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko kununa. "Sikia, dada. Tusikuze mambo. Sema mashine ilikosea. Neno moja tu. Barua inafutwa, tawini tunawaandikia ni hitilafu, wewe unabaki na kiti chako, hakuna atakayekuuliza."

"Na nikisema haikukosea?"

Mkurugenzi alijibu yeye, na alikuwa hana raha kabisa. "Basi barua ni halali, kama vile nimeitia saini mimi. Nenda. Lakini Bodi itataka kujua kwa nini mtumishi alijihamisha mwenyewe, na mimi sitaweza kukukinga. Wanaweza kukufuata hukohuko tawini wakakuondoa kabisa. Hiyo unaielewa, binti yangu?"

Aliielewa. Abaki na kazi bila mtoto, au aende kwa mtoto na huenda bila kazi. Na kilichomkera kuliko vyote, alisema baadaye, si vitisho. Ni jinsi walivyokuwa wamekaa pale wawili, watu wazima, wakimwomba amsingizie kompyuta, ambaye ndiye pekee aliyefanya kila alichoambiwa humo ofisini bila kubisha.

"Mashine haikukosea," alisema. "Mlisema barua ipite kwa wakubwa, ikapita. Mlisema asiyekuwepo awe na kaimu, akawa naye. Mlisema wa mwisho awe mimi. Nikawa mimi. Nikaulizwa, nikajibu ukweli, nikasema ndiyo."

Naibu alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Andika maelezo kwa Bodi," Mkurugenzi alisema mwishowe. "Kwa karatasi."

Akaandika, akamwachia Mama Mhuri, ambaye aligonga mhuri bila hata kusoma. Mwanzo wa mwezi ulipofika Bodi ilikuwa haijajibu neno. Waya akazima taa ya chumba cha kompyuta, akaliacha dude linanguruma, akabeba mfuko wake akaenda stendi.

Haya, sasa niambie na wewe. Ungekuwa ndiwe uliyekaa mbele ya wale wawili, kiti chako kiko hapa na mtoto wako yuko kule, ungesema mashine imekosea?